Gwaride la Harufu

Machi 3

Nimeficha jambo moja tangu nikiwa kijana katika kikosi cha mbwa, na sasa naliandika kwa sababu daktari ameacha kunitania. Zamani alizoea kuniambia kwamba mimi ndiye nitakayemzika yeye. Juzi alinisikiliza moyo, akakikunja kile kifaa chake polepole, akaniuliza kama nina watoto wengine zaidi ya huyu binti ninayeishi kwake. Nikaelewa.

Jambo lenyewe ni hili. Makao makuu yalinituma, mimi na mbwa wangu Tarumbeta, kwenda kukisaidia kituo kidogo cha polisi katika mji ambako mlinzi wa ghala alikuwa ameuawa. Muuaji aliacha kofia. Wanaume walipangwa mstari uani, mbwa akanusishwa kofia, akapitishwa mbele yao, akakaa mbele ya kinyozi wa mji ule. Kinyozi akapata kifungo cha maisha, akafia gerezani. Hakuwa yeye. Mbwa alikosea, nikajua siku ile ile kwamba amekosea, nikanyamaza. Mimi nilipewa nishani, kituo kikapewa gari.

Basi, nimeandika. 

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana.

Machi 5

Mvua. Miguu imevimba hadi magotini. Binti yangu huibonyeza kwa kidole kila asubuhi kama anayejaribu mkate uliotoka jikoni, kisha husema, "Afadhali ya jana." Hajui kudanganya. Ni mwalimu.

Machi 8

Wamenihamishia sebuleni ili nisipande ngazi. Kwa hiyo kila linalopita katika nyumba hii sasa linapita mbele ya kitanda changu: viatu, ndoo, ugomvi wa nani kaacha taa inawaka. Dirishani naliona geti.

Mkwe wangu ndiye mkuu wa kituo cha polisi cha hapa. Ana sauti ya mtu anayezungumza na kiwanja kizima, na kusema kweli sijawahi kuipenda. Leo aliingia akichuruzika maji.

"Mzee, makao makuu wametuletea shehena!"

"Ya nini?"

"Niliomba mabuti ya mvua. Wamenipa ngao za kuzuia ghasia."

"Kwani kuna ghasia?"

"Ghasia zipi? Mara ya mwisho watu kukusanyika mji huu walikuwa wanamtazama fundi bomba akimtoa paka kwenye mtaro."

"Basi vijana wako wajikinge nazo mvua."

Alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha mkewe na nguo zake mbichi, akafokewa. Nikamweleza kwamba hata enzi zetu ilikuwa hivyo hivyo. Wa juu wanakupa walicho nacho, si unachohitaji, na ukishapokea lazima uonekane umekitumia, maana usipokitumia mwakani hupewi kitu. Akasema, "Ndiyo maana nimeshapiga picha vijana wakiwa wamezishika."

Machi 10, Jumapili

Mjomba alikuja. Mtaa mzima unamwita hivyo, ingawa ni mjomba wa binti yangu tu, kaka wa marehemu mke wangu. Naye alikuwa polisi, akastaafu na cheo cha sajini. Tangu dada yake atuache hajakosa Jumapili hata moja. Huja na gazeti ambalo ameshalisoma, akanisomea yale yaliyomuudhi.

"Shemeji, bado upo?"

"Nakungoja wewe utangulie, unishikie kiti."

"Mimi siendi popote. Nina kesi ya kuku na jirani."

Ni mtu mwema. Hunikatia kucha za miguu bila kuombwa. Sijawahi kuweza kumtazama usoni kwa muda mrefu.

Machi 12

Mvua. Nimekula vijiko viwili vya supu.

Machi 14

Bohari ya vifaa vya ujenzi imevunjwa. Wezi walikata komeo la mlango kwa moto wa gesi, wakampiga mlinzi kichwani kwa nondo. Yupo hospitali, hasemi, hafungui macho. Wameacha glavu moja ya ngozi. Mkwe aliondoka bila chai na kurudi bila neno.

Machi 17, Jumapili

Wamemkamata mchomeaji. Ndiye aliyetutengenezea geti hili ninalolitazama; alikuja kulifunga mwenyewe, akalifungua na kulifunga mara nyingi akilisikiliza bawaba, kisha akakataa chai kwa sababu alikuwa na geti jingine la kufunga. Nikamuuliza mkwe ana ushahidi gani.

"Komeo limekatwa kwa gesi, Mzee. Mji huu nani ana gesi?"

"Mwenye bohari anauza mitungi ya gesi."

"Na mchomeaji aligombana naye mwezi uliopita mbele za watu. Alimwambia, 'Wewe utaniona.' Mashahidi wapo."

Mjomba alikuwa ameinamia kucha zangu. Akasema bila kuinua kichwa, "Hata mimi nimemwambia hivyo mwenye kuku."

Kinyozi naye aligombana na mwenye ghala. Alikuwa amemwambia nini sikumbuki, lakini yalikuwa maneno ya namna hiyo hiyo, ambayo kila mtu huyasema.

Machi 18

Mke wa mchomeaji alikuja getini. Binti yangu alimpisha hadi barazani, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi nilisikia yote.

"Mwalimu, mtungi wake ulikuwa mtupu. Wiki nzima anakata vyuma kwa msumeno wa mkono, mikono imechubuka. Waje wautazame mtungi!"

"Dada, mimi si polisi."

"Lakini unalala na polisi."

 Yule mwanamke akafunga kitenge vizuri na kutoka mvuani. Baadaye binti alikuja kuniwekea mto, akauliza, "Baba, umesikia?" Nikasema nilikuwa nimelala.

Machi 21

Mvua. Mlinzi bado hajafungua macho.

Machi 23

Ule mtungi walikwenda kuutazama. Ni mtupu. Mkwe anasema mtungi hauna tarehe. Huenda uliisha usiku ule ule wa wizi. Hayo si maneno ya mjinga. Nimeanza kumwona vingine. Asubuhi alikaa na kikombe mpaka chai ikapoa, simu ikiwa mezani. Mkuu wa polisi wa wilaya humpigia kila siku, na kila siku anauliza swali moja. Nilipokuwa na umri wake nilidhani wakuu wa vituo vidogo ni watu wazembe wanaongoja tuwaletee akili kutoka mjini. Sikujua hiyo simu.

Machi 26

Aliingia anang'aa.

"Wamekubali, Mzee! Makao makuu wananipa mbwa, koplo wake, na gari. Siku chache tu, lakini wamekubali. Tutafanya gwaride la harufu. Wenzako!"

Moyo ulinipiga hadi binti akaleta dawa ya chini ya ulimi. Ilipoyeyuka nikamuuliza atampokeaje huyo koplo.

"Nitampokea mwenyewe. Anywe chai, nimweleze kesi ilivyo…"

"Usimweleze kesi."

"Kwa nini?"

"Mshika mbwa asijue mtuhumiwa ni nani wala amesimama wapi. Akijua, mkono wake utajua, na mbwa huusoma mkono kabla hajainusa hewa."

"Hiyo si ndiyo kanuni yako? Ile wanayofundishwa chuoni?" Akamgeukia mkewe kwa fahari. "Baba yako ndiye aliyeiandika, unajua?"

Niliiandika kweli, mwaka uliofuata baada ya kinyozi. Waliisifu. Hakuna aliyeniuliza nimeijulia wapi.

Machi 30

Daraja limefurika. Gari la makao makuu limekwama ng'ambo, limerudi. Gwaride limeahirishwa. Nilifurahi kama mtoto aliyesikia mwalimu anaumwa. Kisha nikamkumbuka mchomeaji aliyeko ndani.

Aprili 2

Mvua bila kukoma. Mlinzi amefungua macho, lakini hamtambui hata mkewe.

Aprili 4

Mke wa mchomeaji amefungua karakana. Hawezi kuchomea, ila anauza mabaki ya vyuma kwa uzito. Binti yangu alipita akanunua kipande cha nondo ambacho hatuna kazi nacho. Kipo nyuma ya mlango.

Aprili 7, Jumapili

Mjomba na gazeti. Ameshinda kesi ya kuku. Alisimulia hukumu yote huku akiigiza sauti za kuku wote wawili, na binti yangu alicheka hadi akashika ukuta. Nilimtazama anavyocheka. Ana kicheko cha mama yake, na mama yake nilimpata kwa huyu Mjomba. Ningekosa kwenda mji ule na Tarumbeta, kicheko hiki kisingekuwepo chumbani.

Aprili 9

Daraja linapitika tena. Koplo anakuja Ijumaa, gwaride Jumatatu.

Leo nilipiga moyo konde. Mkwe alipokuja kuniaga nilimwambia afunge mlango, nikamweleza habari za kinyozi, kama nilivyoziandika ukurasa wa kwanza. Kwamba mbwa alikosea. Kwamba mtu alikufa gerezani. Kwamba asimweke mchomeaji mbele ya mbwa.

Alikaa pembeni ya kitanda. Sikutegemea angeishusha sauti yake namna ile.

"Pole, Mzee. Kumbe umebeba hili peke yako."

"Si la pole. Nakwambia lifute gwaride."

"Lakini sikiliza. Mbwa wako alikosea, nakubali. Enzi hizo mbwa walifunzwa kwa kubahatisha. Huyu anayekuja ni wa kizazi kingine. Ametoka mafunzo ya mwaka mzima, ana vyeti kuliko mimi. Kwa hiyo mbwa mmoja wa zamani kukosea si sababu ya kumkataa huyu. Ama sivyo?"

Nikageukia ukutani.

"Na wewe ulijuaje kwamba amekosea?" akauliza. "Siku ile ile, ulijuaje?"

Nikasema nimechoka. Akanifunika shuka.

Aprili 10

Ana haki. Kama mbwa alikosea, dawa ni mbwa bora. Nimewapa hoja ya kuendelea.

Aprili 12

Koplo amefika. Ni msichana mrefu, mtulivu, mabuti yake yana tope hadi juu. Alikuja kunisalimu kabla hata hajala. Mbwa wake aliingia naye, jike, jina lake Malkia, akakaa kando ya kitanda na kuniwekea kidevu kwenye shuka. Miaka mingi sijashika shingo ya mbwa.

"Shikamoo, Afande. Tumesoma kanuni zako zote."

"Marahaba. Wamekupokeaje?"

"Vizuri mno. Chai, chapati, viti vya mbele. Wamenieleza kesi mwanzo mwisho. Yule mchomeaji ana dharau, eti?"

Binti yangu aligeuza shingo kumtazama mumewe. Mumewe akatazama nje.

"Na kanuni?" nikauliza.

"Kanuni naijua, Afande. Lakini wenyeji wamekukaribisha, wanakueleza shida yao, utaziba masikio? Hata hivyo mimi najiamini. Mkono wangu hausemi kitu."

"Malkia asipomchagua yeyote?"

"Nitarudi mkono mtupu, na gari hili linapangiwa wilaya nyingine. Makao makuu wameshaniambia." Akacheka kidogo. "Lakini hajawahi kukosa."

"Na akikaa mbele ya polisi? Mmoja wa vijana wa kituo, aliyesimama kujaza mstari?"

Alifungua kinywa kujibu. Kabla hajajibu alimtazama mkuu wa kituo. Ilikuwa nusu ya nukta tu, na huenda mwenyewe hakujua kwamba ametazama. Malkia alijua. Alitoa kidevu shukani akasimama.

Aprili 13

Sikulala vizuri. Nimemwomba binti amwite Mjomba aje kesho mapema, na mkwe asiende kituoni, na koplo aje kunywa chai. Akauliza kuna nini. Nikasema kuna mazungumzo.

Aprili 14, Jumapili

Naandika hatua kwa hatua, nikipumzika.

Walikaa hivi: binti yangu kitandani miguuni pangu, mkwe kwenye kiti chake, koplo mlangoni na Malkia, Mjomba dirishani na gazeti ambalo hakulifungua. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Nikasema kwamba yale niliyomwambia mkwe hayakuwa ya kweli yote, na sasa nayanyoosha.

Uani mwa kituo kile wanaume walisimama wanane. Kinyozi alikuwa wa tatu kutoka kushoto. Walimchukua katikati ya kazi, na mteja wake walimchukua pia ili ajaze mstari, akasimama wa sita akiwa amenyolewa nusu kichwa. Watu walimcheka, hata kinyozi alitabasamu. Wa mwisho kulia alikuwa konstebo kijana wa kituo kile ambaye walimvua sare wakamvalisha shati la kuazima. Nilikuwa nimeshaambiwa kinyozi amesimama wapi. Waliniambia juu ya chai, kama walivyomwambia koplo.

Tarumbeta alinusa kofia. Akaanza kushoto. Alimpita wa kwanza, wa pili, akampita kinyozi bila hata kugeuza kichwa. Alikwenda hadi mwisho wa mstari akakaa mbele ya konstebo. Alikaa sawasawa, kifua mbele, alivyofunzwa.

"Nilimwinua," nikasema. "Nikawaambia mbwa amepotezwa na upepo. Nikamrudisha mwanzo, na tulipofika kwa kinyozi nikaivuta kamba. Si sana. Kiasi cha vidole viwili. Akakaa. Mbwa hakukosea."

Koplo alikuwa ameishika kamba ya Malkia kwa mikono yote miwili.

Mkwe akauliza, "Huyo konstebo alikuwa nani?"

Sikumtazama Mjomba. Sikuhitaji. Alikuwa ameshaanza kusema.

"Mimi."

Binti yangu alisema, "Mjomba," kwa sauti ndogo, kama anayemwita kutoka mbali.

"Mimi, mama. Na muulize baba yako amenidhania nini miaka yote hii."

 Nikasema nilidhania kwamba huenda yeye ndiye aliyemuua mlinzi.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliliweka gazeti dirishani.

"Umekula nyumbani kwangu. Umemwoa dada yangu. Ukaniacha nimbebe huyu mtoto mgongoni. Na ulidhani nimeua?"

"Sikuwa na hakika."

"Ungeniuliza! Ile kofia niliiokota mimi, shemeji. Nilikuwa wa kwanza kufika ghalani, mvua inanyesha, nikaiokota kwa mkono mtupu na kuitia kifuani ndani ya shati isilowe. Nilishinda nayo kifuani hadi saa sita. Mbwa angekaa mbele ya nani mwingine?"

Akanigeukia.

"Alipokaa mbele yangu nilijua sababu. Nilikuwa na miezi michache kazini, bosi ananitazama, nikajisemea nitapewa adhabu kwa kuchezea ushahidi. Nikasubiri uniulize. Hukuuliza. Ukamwinua mbwa, nikafikiri, huyu ametoka makao makuu, amejua nimeigusa kofia, ananifichia kosa langu dogo. Nikakushukuru. Nikakuleta nyumbani ule chakula, umwone dada yangu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Na kinyozi nikamwambia moyoni kwamba wakubwa lazima wana ushahidi mwingine."

Swali moja. Ningeuliza nani ameigusa kofia hii, gwaride lingevunjwa, kinyozi angerudi kumalizia kichwa cha mteja wake, na kijana angepata onyo.

Nikaliuliza sasa, kwa kuchelewa kwangu. Nikamwambia mkwe, "Glavu ya bohari ameigusa nani?"

"Iko kwenye mfuko, Mzee. Imefungwa kwa lakiri."

"Kabla ya mfuko."

Alifikiri. Nilimwona anavyofikiri, na niliona rangi ya uso wake inavyobadilika.

"Tulimvalisha," akasema. "Siku tuliyomkamata. Tulimvalisha mchomeaji tuone kama inamwenea."

"Ilimwenea?"

"Ilimwenea. Ni mikono ya kawaida."

"Basi Malkia asingekosea kesho," koplo akasema taratibu. "Angekaa mbele yake, na angekuwa sahihi, na mahakama ingesema imetosha."

Mkwe alisimama akaenda barazani na simu. Tulimsikia akimwambia mkuu wa wilaya, kwa ile sauti yake ya kiwanja kizima, kwamba ushahidi umeharibiwa na kituo chake mwenyewe, kwamba ndiyo, yeye ndiye aliyeamuru, na kwamba gwaride halipo. Kisha alisikiliza, akijibu "Ndiyo, Afande" tu. Sauti ile sitaisema vibaya tena.

Binti yangu ndiye aliyeuliza. Alikuwa bado ameishika miguu yangu.

"Baba, kwa nini uliivuta kamba?"

Nikamwambia nilitaka kumwokoa mjomba wake.

Aliniinamia akanibusu mkono. Akasema angalau hapo palikuwa na upendo. Lakini Mjomba alipokuja kuniaga alinishika bega, akaniambia sikioni ili binti asisikie: "Siku ile hukujua hata jina langu, shemeji."

Aprili 16

Mchomeaji ametolewa kwa dhamana. Kesi haijafutwa. Mlinzi amemtambua mkewe. Koplo ameondoka na gari, na mkwe amesikia litakwenda kwingine. Barua yake ya onyo yaja.

Aprili 17

Mvua imekatika, kwa mara ya kwanza jua limeingia hadi kitandani. Mikono imevimba nayo. Mke wa mchomeaji alipita barabarani na mumewe, hawakugeuka.

Mjomba hakusema kama atakuja Jumapili.

Aprili 18

Nimemwita binti yangu kabla hajaenda shule, akakaa na mkoba wake mapajani. Nimemwambia kwamba jibu nililompa ni la baadaye. Nililitengeneza nilipokwisha kumpenda mama yake, nikalivaa, nikalizoea, hata katika ukurasa wa kwanza wa daftari hili nimemsingizia mbwa badala ya kusema. Siku ile konstebo alikuwa kwangu mtu tu aliyevaa shati la kuazima.

"Sasa kwa nini, Baba?"

Mkuu wa polisi wa wilaya ile alikuwa amekuja kutazama, amekaa chini ya mwavuli na wageni wake. Alikuwa amewaambia huyu ni mbwa bora wa serikali. Tarumbeta alipokaa mbele ya polisi, mmoja wa wale wageni alicheka. Hakucheka sana. Yule mteja wa nusu kichwa naye akacheka, na mstari mzima ukaanza kutikisika, na kinyozi akacheka pia.

Niliona aibu. Ndiyo sababu yote.